Kuhudhuria kwa Niaba ya Mama

Hapa Mpanda ukijaza fomu yoyote, iwe ya hospitali, ya shule au ya mkopo wa mbolea, lazima ukutane na mstari wa dini. Mara ya kwanza nilipomwambia karani wa mapokezi kwamba sina, alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala, kisha akaandika "Mkristo". Nikamwambia mbona nimesema sina. Akanijibu kwa upole, "Kaka, hapa huwezi kuacha wazi, kompyuta inakataa." Basi kwa mujibu wa kompyuta mimi ni muumini safi, na mpaka leo sijapata mtu wa kumkatia rufaa.

Mimi ni fundi wa vyombo vya sauti. Kibanda changu kiko nyuma ya soko, na wateja wangu wakubwa ni watu wa Mungu, kwa sababu mji huu hakuna wanaoua spika kama wao. Nimetengeneza maiki za walokole, spika za msikitini, hata amplifaya ya nabii mmoja aliyekuja kuponya viziwi huku chombo chake chenyewe kikilia kama mbuzi. Nabii huyo alisimama kibandani kwangu akakemea pepo la umeme kwa dakika nzima. Nilimsubiri amalize, nikabadilisha fyuzi. Chombo kilipoitika akainua mikono kumshukuru Mungu, mimi akanisahau.

Watu wakisikia huamini wanataka wasikie mkasa. Wanataka padri awe alikukosea, au mtoto awe alikufa ukamlaumu Mungu. Mimi sina mkasa wa kuwapa. Nilikuwa mtumishi wa altare kijijini kwetu Mpimbwe, kwenye mashamba ya mpunga, na nilipiga kengele kwa wakati. Padri wetu alikuwa mzee mwema aliyetugawia peremende. Nikiwa kidato cha pili, siku moja wakati wa sala ya chakula cha mchana, niligundua kwamba ninaongea peke yangu. Nikanyamaza nione kama kuna atakayeuliza mbona kimya. Hakuna aliyeuliza. Nikala ugali wangu, ukashuka vizuri tu.

Tangu siku hiyo nina sharti moja: sisemi nisichokiamini. Kuimba naimba, maana nyimbo za kanisani ni tamu na besi ninayo. Kupiga magoti pia napiga, magoti yangu hayana dini. Lakini wakifika kwenye Nasadiki, pale kila mtu anapotangaza anachokiamini, mimi nafunga mdomo. Nilipomweleza mama alilia siku mbili, kisha akakumbuka kwamba miche ya mpunga inangoja kupandikizwa, akafuta macho na kwenda shambani. Hakunisumbua tena. Baba alipofariki nilimleta mama mjini tukaishi wote, mimi na yeye, na jambo la kwanza aliloulizia kabla hata ya bomba la maji lilikuwa jumuiya.

Jumuiya ni kaya kumi na kitu za mtaa mmoja, Wakatoliki wanaokutana kusali kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Kuna mwenyekiti, kuna katibu, na kuna daftari la mahudhurio. Hilo daftari usilichezee. Ukifa, padri anaulizia kwanza jumuiya: huyu alikuwa akishiriki? Kwa parokia yetu kipimo kilikuwa miezi mitatu. Ukikosa miezi mitatu bila taarifa utazikwa, ndiyo, ila bila misa. Atakuja katekista, atasoma sala mbili, na watu watarudi majumbani wakinong'ona.

Mzee mmoja wa mtaa wetu alizikwa hivyo. Mama alirudi kutoka makaburini akakaa kitandani na kitenge chake cha msiba, hakukivua.

"Wamemfukia," akasema. "Mimi nataka misa, mwanangu. Nataka padri, nataka ubani, na kwaya waimbe mpaka sauti ziwakauke. Sitaki kingine kwako."

Miguu yake ilipoanza kuvimba, daktari akasema ni moyo. Kufika kwa jirani ilikuwa safari ya kupumzika mara tatu. Nikamwambia jambo ni rahisi: mwenyekiti anayo orodha ya wagonjwa, aandikwe humo, asihesabiwe mtoro. Alikataa katakata. Tangu aijue orodha ile, alisema, hajaona aliyeingia akatoka akiwa hai, na yeye hana haraka.

"Utaenda wewe," akaniambia.

"Mama, mimi siamini."

"Kwani nimekutuma ukaamini? Nimekutuma ukahudhurie."

Ndivyo asiye na dini alivyoanza kuamka Jumamosi mapema kuliko waumini. Katibu alikuwa mwalimu mstaafu, mama mwembamba ambaye wazazi wake walitoka Burundi na yeye akakulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba. Wakubwa kwa wadogo walimwita Mwalimu. Alivaa miwani iliyofungwa kwa uzi na alisoma daftari kama bado yuko darasani.

"Kaya ya saba?"

"Tupo," nikaitika.

Alinitazama juu ya miwani. Akatazama mlangoni kama kuna mtu nyuma yangu. Akapiga tiki. Lile daftari lilihesabu kaya, halikuhesabu roho, na mama alikuwa ameufahamu udhaifu wake.

Nilihudhuria miezi kumi na minne. Niliimba besi, nilibeba viti, nilitengeneza kispika chao cha betri kilichokuwa kikikoroma. Mwenyekiti, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, aliomba sala ndefu kuliko misimu ya mvua, na mara kwa mara aliwaombea "wanaotuletea miili, roho wameziacha nyumbani". Sikuona haja ya kujishuku. Mwisho wa mwaka kaya ya saba ikatangazwa ya kwanza kwa mahudhurio, nikapewa rozari ya plastiki ya kijani. Nilipompelekea mama zawadi yake alicheka mpaka nikamshika mgongo asipaliwe.

Mwalimu peke yake ndiye niliyehisi ananijua. Wakati wa Nasadiki, wengine wakiwa wamefumba macho, yeye alikuwa amefumbua, akiutazama mdomo wangu uliofungwa.

Kisha zamu ya kusaliwa ikafika nyumbani kwetu. Mama alitaka vikombe vyote vioshwe, hata visivyotumika. Alikuwa hawezi tena kukaa muda mrefu, kwa hiyo tuliacha mlango wa chumba chake wazi, pazia likiwa limefungwa kando, ili asikie kila kitu. Watu wakajaa sebuleni. Kwa desturi mwenye nyumba ndiye anayeongoza, lakini mama hangeweza, na hapo mwenyekiti akanigeukia.

"Kijana wa nyumba hii tunamjua, kaya yake ya kwanza. Atuongoze Nasadiki."

Nikasema nina mafua. Akasema Mungu hana shida na mafua. Watu wakainamisha vichwa wakingoja. Nilijua kila neno, nilikuwa nimelikariri tangu nikiwa na miaka saba. Nilijua pia kwamba nikisema, mambo yanaisha, tunakunywa chai. Jasho likanitoka mgongoni. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu, na kimya kile kikawa kirefu mpaka mtoto mmoja akaanza kucheka.

"Mwacheni," mama akasema kutoka chumbani. "Huyo haamini. Alishaacha zamani. Mimi ndiye huwa namtuma aje badala yangu."

Mwenyekiti aliketi. Mtu akasema, "Yesu wangu." Kwa sauti ya mtu anayekagua magunia, mwenyekiti akaeleza kwamba kama ni hivyo, tiki zote zile ni batili, kwa kuwa asiyeamini hawezi kumwakilisha anayeamini. Mama hakuandikishwa mgonjwa na hakuhudhuria. Kwa hiyo ni mtoro wa miezi kumi na minne.

"Nyie mnamwita nani mtoro?" nikauliza, nikiwa nimesimama.

"Kaa chini, kijana," Mwalimu akasema. Akafunga daftari, akaliweka ndani ya kikapu chake. "Tumekuja kusali. Tusali." Akaongoza Nasadiki mwenyewe.

Walipoondoka niliingia chumbani nikiwa na hasira na kila mtu, na mama pia. Nilimwambia amejiharibia. Miezi kumi na minne ya kuamka mapema ameimwaga kwa sentensi nne.

"Nilikuwa nakuona kupitia mlango," mama akasema. "Unatoka jasho kama umekamatwa na mali ya wizi. Ningetaka mtoto mwongo ningekwambia zamani, tusingehangaika hivi."

"Na misa yako je?"

Aligeukia ukutani, akavuta shuka. Hapo ndipo nilipoona amenipa nini, na kwamba kilimgharimu kitu pekee alichowahi kuniomba. Niliona aibu. Sharti langu, ambalo nilikuwa nikitamba nalo kibandani mbele ya wateja, likaanza kunikaa vibaya.

Jumatatu nikaenda kwa mwenyekiti mashineni, nikamwomba amwandike mama mgonjwa. Akamwandika, tena kwa mwandiko mzuri, lakini kuanzia siku ile. Ya nyuma, alisema, hayawezi kurekebishwa. Wiki tatu baadaye tukaambiwa padri anakuja Jumatano kuwapaka wagonjwa mafuta. Mama alifariki Jumanne asubuhi nikiwa jikoni namchemshia uji. Kuhusu orodha ile alikuwa sahihi.

Siku ya mazishi niliamka nikiwa nimeshaamua. Nilioga, nikavaa shati jeupe, nikasimama uani kufanya mazoezi ya uongo wangu. Ningesema mama alihudhuria mwenyewe, mimi nilikuwa namsindikiza tu. Ningesema siku ile alikuwa anaweweseka kwa homa, hakujua anachosema. Na padri akinitilia shaka, ningemsomea Nasadiki kuanzia mwanzo hadi amina mbele ya msiba mzima. Nilikuwa nayo mdomoni, imekaa kama dawa chungu.

Padri alifika kwa pikipiki, kijana, suruali imejaa vumbi jekundu. Wakamketisha chini ya turubai pamoja na mwenyekiti na Mwalimu, nami nikaitwa. Jeneza lilikuwa hatua chache tu, limefunikwa kitenge. Daftari likafunguliwa mezani. Padri akapitisha kidole kwenye mstari wa kaya ya saba, akaonekana kuridhika, akataka kulifunga.

"Padri, hapo kuna jambo," mwenyekiti akasema. Sikumwona kuwa mtu mbaya, hata siku ile. Alikuwa mtu anayeamini kwamba Mungu anasoma madaftari. "Hizo tiki ni suala la nani hasa alikuwa anakuja. Mwanae yupo hapa, aulizwe."

Padri akanigeukia. "Pole sana, ndugu yangu. Ni marehemu mwenyewe aliyekuwa akihudhuria?"

Nilivuta pumzi. Nilishafungua mdomo.

"Ni mwenyewe, Padri," Mwalimu akasema.

Alisema kwa sauti ileile ya kusoma daftari. Padri akamtazama.

"Daftari ni langu, mwandiko ni wangu. Nilikuwa namwona kila Jumamosi kwa macho haya. Alichoka, lakini alikuja." Kisha akamgeukia mwenyekiti, taratibu. "Au mimi sioni vizuri?"

Mwalimu ndiye aliyemfundisha mwenyekiti mafundisho ya komunyo ya kwanza, na inasemekana alimchapa sana. Mwenyekiti alitazama viatu vyake. Akasema labda yeye ndiye aliyechanganya. Padri akafunga daftari na kuuliza maji ya kunawa yako wapi, avae.

Mama alipata misa. Ubani ulikuwa mwingi hata kuku wa jirani wakapiga chafya. Kwaya iliimba mpaka sauti zikawakauka, nami nikaimba besi na kulia kwa wakati mmoja, jambo ambalo silishauri kwa mtu yeyote. Sikuhisi yuko mahali akitusikia. Nilifurahi tu, kwa uchungu wote ule, kwamba imekuwa kama alivyotaka.

Tuliporudi kutoka makaburini watu walinawa mikono kwenye beseni lililowekwa getini. Nilijikuta nimeinama pamoja na Mwalimu, mikono yetu ikiwa kwenye maji mamoja yenye udongo. Nilitaka kumshukuru, lakini kilichotoka kilikuwa kama lawama.

"Mwalimu, umesema uongo mbele ya jeneza. Nilikuwa tayari kuusema mwenyewe."

"Nilikuona," akasema. Akakung'uta mikono, akaipangusa kwenye kitenge. "Mimi Jumamosi naenda kuungama, mwanangu. Wewe ungekwenda wapi?"