Cherehani ya Nyanya na Paa la Kanisa

Juzi nilikwenda mjini kununua dawa ya goti, na kwa kuwa siku hizi goti ndilo linaloamua njia, nikakata upande wa kanisa letu la zamani, ambako kuna kivuli. Nikasikia mabati yakitupwa chini. Vijana walikuwa juu wakibandua paa, na chini uani mabati ya kale yalikuwa yamerundikwa, mekundu kwa kutu. Nikasimama. Wewe rafiki yangu unanijua, mimi si mtu wa kulilia mabati. Lakini haya najua yalivyopatikana, na pale uani sikuona mtu mwingine wa umri wa kujua.

Nililelewa na nyanya, mama wa mama yangu, katika chumba cha kupanga huko Kibokoni. Ilikuwa miaka ya arobaini, na Wakristo mtaani mle tulikuwa wachache. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kiislamu, mwanamke wa sauti na wa huruma, na sisi wapangaji wake tulishirikiana naye ua, kisima na jiko. Asubuhi upande wake ulinukia mahamri na iliki. Upande wetu ulinuka mafuta ya cherehani.

Nyanya alikuwa akishona kanzu. Mwenye duka mmoja wa Kihindi kule Ndia Kuu alimpa vitambaa vilivyokwisha kukatwa, naye akampelekea kanzu zilizokwisha kushonwa. Cherehani yenyewe ilikuwa ya mkono, nyeusi, na kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kuzungusha mpini huku nyanya akiongoza kitambaa. Hakuwa na haja ya kusema. Akiinua kidevu nilikaza mwendo, akikishusha nilipunguza. Samaki tuliokula, wali wa nazi wa Jumapili na ada yangu ya shule, vyote vilipita chini ya sindano ile.

Jumapili tulivaa viatu tukaenda kanisani. Ngome ya Yesu wakati ule ilikuwa jela, na tukipita hapo nyanya aliniambia nisitazame juu, nami nilitazama kila wiki. Kanisa lilikuwa dogo na paa lake lilikuwa limeliwa na chumvi ya bahari. Wakati wa vita mabati hayakupatikana, yote yalikuwa ya jeshi. Ikifika masika, watu walihama benchi hadi benchi wakifuata pakavu. Kuna Jumapili kasisi alimbatiza mtoto, na kabla hajamrudisha kwa mamake mvua ikambatiza mara ya pili.

Vita vilipokwisha, jeshi likaanza kubomoa kambi zake na kuuza mabati. Kasisi akapata habari kwamba fungu moja lilitufaa, ila lilitakiwa kulipwa mapema, kabla ya masika, la sivyo lingekwenda kwa mwingine. Akatangaza kwamba mnada wa mwaka ule ungekuwa wa paa.

Mnada wetu lazima nikueleze, maana siku hizi hakuna ajuaye. Watu hawakuwa na fedha ya kutoa hivi hivi, kwa hiyo kila nyumba ilileta kitu chake cha kazi. Seremala alileta randa, dobi alileta pasi ya makaa, nyanya alileta cherehani. Vitu vilipangwa mbele ya madhabahu, vikaombewa, halafu baada ya ibada vikatolewa uani na kunadiwa. Marafiki wa mwenye kitu walikuwa wamekwisha changishana kwa siri ya wazi. Walipandisha bei kidogo kidogo, wakanunua, pesa zikaingia kapuni. Kisha mnunuzi alimgeukia mwenyewe, akamwambia, “Bwana amekurudishia,” akampa kitu chake. Watu wakaimba, na Jumatatu kila mtu alikuwa kazini na chombo chake. Ukitaka kuuita mchezo, shauri lako. Sisi hatukuuita hivyo, na nilikuwa nikimwona nyanya anavyokunja kona ya leso mpaka maneno yale yatamkwe.

Mwaka huo tulikuwa na mgeni. Alikuwa karani wa bandarini, kijana kutoka bara, aliyehamishiwa Mombasa pamoja na mke wake miezi michache nyuma. Alikaa benchi ya mbele na kuimba kwa sauti nene, na wazee walikuwa wamekwisha kumpenda. Kumweleza habari za mnada hakuna aliyekumbuka. Kitu ambacho kila mtu anakijua, nani atakieleza?

Dalali alikuwa mwalimu wetu wa shule. Aliisifu cherehani kama kawaida yake, akasema inashona kama inasali. Kiongozi wa kwaya, ambaye ndiye aliyeshika mchango wa marafiki wa nyanya, akataja bei. Karani akainua mkono akaongeza. Kiongozi wa kwaya akatabasamu, akaongeza naye. Karani akamtazama mkewe, mkewe akatikisa kichwa kukubali, na karani akataja bei ambayo ilimfanya mwalimu avue miwani. Watu wakapiga makofi. Walidhani wamepata mtu mwenye moyo mkubwa kuliko wao wote.

Akalipa yote palepale. Tukangoja aseme yale maneno. Alimshika kasisi mkono, akamshukuru mwalimu, akainua cherehani begani kwa uangalifu, na mkewe akafuata nyuma amekumbatia kifuniko chake. Walipinda kona. Kisha mwalimu akachukua pasi ya dobi na kuanza kuisifu, sauti yake ikiwa haina nguvu tena.

Usilolijua ni usiku wa kiza, na yule bwana hakuwa na kosa lolote. Jioni hiyo kasisi alikuja nyumbani kwetu, akasema atakwenda kumweleza.

“Utamweleza nini, Padre?” nyanya akamuuliza. “Kwamba tulichokiombea madhabahuni hatukukitoa?”

Kasisi akanywa chai yake, akatazama pale mezani mahali pa cherehani palipokuwa patupu, akaaga.

Mwenye nyumba hakuridhika upesi hivyo. Aliingia bila kubisha, mikono ina unga.

“Mwenzangu, charahani i wapi?”

“Nimeitoa kanisani.”

“Hilo najua, kila mwaka waitoa. Mimi nauliza i wapi.”

Nyanya akamsimulia. Mwenye nyumba akajifunga leso kiunoni. “Basi takwenda kumwambia mimi. Mimi si wa kanisa lenu, sina haya ya mtu.”

“Nakuomba, dada yangu, usende.”

“Na kanzu?”

“Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri,” nyanya akasema.

“Moyo haushoni kanzu,” mwenye nyumba akajibu, akarudi kwenye unga wake.

Alisema kweli. Yule mwenye duka wa Ndia Kuu alikuwa muungwana, akangoja, lakini Ramadhani ilikuwa inakaribia na watu wanataka kanzu za Idi. Nyanya alijaribu kushona kwa mkono, akimaliza moja wakati ambao zamani angemaliza fungu zima. Mwishowe vitambaa vikapelekwa kwa fundi mwingine. Tukawa tunakula muhogo kwa chai ya rangi. Ada ikakosekana, nikakaa nyumbani. Kutoka uani niliwasikia wenzangu wakipita kwenda shule, na niliona uchungu, sikufichi.

Aliyetuokoa ni mwenye nyumba. Alikuwa bingwa wa kushona kofia za mkono, zile za maua ya vitobo ambazo wanaume huvaa kwenda msikitini. Akamketisha nyanya ukumbini mwake na kumfundisha, akimfumulia kila alipokosea bila kumwonea haya. Kwa hiyo yule mwanamke aliyetoa cherehani yake kwa ajili ya kanisa akaishi kwa kofia za Ijumaa. Mwenye nyumba alizichukua akamuuzia, na akiulizwa nani mshonaji alijibu tu, “Ni wa nyumbani kwangu.” Mapato yalikuwa madogo, ya kutosha muhogo na siku moja moja samaki.

Masika yalianza na paa jipya juu yetu. Mabati ya jeshi yalikuwa na matundu ya misumari, yakazibwa kwa lami, na ndani ya kanisa palikuwa pakavu kabisa. Kasisi alilazimika kupaza sauti kwa kelele za mvua.

Baada ya hapo mke wa karani akaja. Alikuwa na mimba, anataka kushona nguo za mtoto, na mashine ilikuwa inamkatia uzi. Ameambiwa nyanya ni fundi. Nyanya akachukua miwani yake, mimi nikamfuata hadi kwao. Cherehani ilikuwa karibu na dirisha, imefutwa vumbi, imetandikiwa kitambaa cheupe. Nyanya akakaa, nikashika mpini, akainua kidevu. Tukaenda kama zamani. Yule mama kijana alitazama mikono yetu, akacheka kwa furaha.

“Mnaijua sana kazi hii,” akasema. “Kwani mashine yenu iko wapi, Mama?”

Nyanya alikuwa amemkataza kasisi, akamkataza mwenye nyumba. Mimi hakuna aliyenikataza.

“Ni hii,” nikasema.

Yule mama aliketi kitandani, mikono juu ya tumbo, na machozi yakamtoka taratibu. Nyanya alimalizia mshono, akakata uzi kwa meno, akanishika mkono tukaondoka. Njiani hakunigombeza.

Jioni ya kesho yake karani alisimama mlangoni kwetu, cherehani begani, jasho linamtiririka. Hakutaka kukaa.

“Mama, mbona hamkuniambia?”

“Tungekuambia, ungenunua?”

“Nisingenunua.”

“Basi mvua ingekuwa ndani mpaka leo.”

Karani akaitua cherehani sakafuni. “Sitaki pesa. Chukua tu, nakuomba.”

Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kufika. “Pokea, wewe mwanamke,” akasema. “Mungu hashoni.”

Niliuona mkono wa nyanya ukienda mpaka kwenye mpini, ukaushika, ukauzungusha nusu. Nikajua nitarudi shule.

“Miaka yote nilikuwa namwazima Mungu, jioni namnyang'anya,” akasema. “Mara hii nimempa. Usinirudishe nyuma, mwanangu. Mpelekee mkeo, ana mtoto wa kumvisha.”

Karani akaiinua tena. Nilimfuata mpaka mwisho wa kichochoro, nikilia kwa hasira, na hasira hiyo haikuwa juu yake. Ilikuwa juu ya nyanya. Mimi si mtakatifu, na hata leo, uzee huu, naona angeichukua. Shuleni nilirudi baadaye sana, nikiwa mrefu kuliko wenzangu wote darasani.

Mwaka uliofuata mnada ukatangazwa, na meza ikajaa mapapai. Yalikuwako mayai, nazi, mikungu ya ndizi na jogoo mmoja. Seremala alileta mwiko wa kupikia. Dobi alileta ndimu. Hakuna aliyeambizana na mwenziwe, ila kila mtu alileta kitu ambacho kikienda, kimekwenda. Mwalimu alinadi kwa bidii, watu wakanunua mapapai wakayabeba nyumbani, na yale maneno ya kurudishiana sikuyasikia tena siku hiyo wala mwaka mwingine. Nyanya alileta kofia, karani akainunua akaivaa papo hapo, na watu wakacheka. Paa halikuvuja.

Nyanya amekufa, na mwenye nyumba pia, na karani alihamishwa kabla mtoto wao hajatembea. Cherehani sijui iliishia mji gani. Nyumba ya Kibokoni sasa inauza vinyago kwa watalii, na katika ukumbi ambamo wanawake wawili walishona kofia mna kaunta ya vioo.

Nilikuwa nimesimama nikiwaza hayo wakati kijana mmoja aliposhuka ngazi, akanipa shikamoo, akaniuliza kama ningependa kuchangia paa jipya. Nikafungua mkoba, nikatoa noti bila kuitazama. Alinishukuru sana, akaniombea na goti. Nilipofika Ndia Kuu nilijaribu kukumbuka ilikuwa noti gani, nikashindwa.