Wembe wa Dorine

Dorine wa Sori alizaliwa na Filister, muuza omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, na Mhindi mwenye duka aliyehama kabla mtoto hajaota meno. Kwa baba alirithi rangi na nywele ndefu, laini. Mwaka 1997, akiwa darasa la nane, hakuna msichana niliyepata kumfundisha aliyemfikia katika mita mia nane. Shule moja ya sekondari kule Homa Bay ilikuwa imeahidi kumsomesha akiingia timu ya mkoa. Filister hakuwa na njia nyingine ya kupata karo.

Mashindano ya tarafa alishinda. Lakini Byron, mwanafunzi aliyepewa kipaza sauti atangaze mbio, alitaka kuchekesha.

"Mhindi anawahi kufungua duka," alitangaza, na uwanja mzima ukacheka.

Wasichana wa timu ya Dorine wakamwambia Wahindi wana kriketi yao, awaachie watoto wa hapa mbio. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa michezo. Niliuona ni utani wa vijana, nikanyamaza. Nilikosea, wala sitafuti jina jingine la kuliita kosa hilo.

Juma lile lile Dorine alichukua wembe akanyoa kichwa mpaka ngozi. Filister alipomwona aliweka karai la omena chini. Kwetu mwanamke hunyoa hivyo akifiwa.

"Nyathina, mwanangu, nani amekufa?"

"Hakuna, Mama. Sitaki tu kuitwa Mhindi."

Huko Migori, kwenye mashindano ya wilaya, hakuna aliyemwita Mhindi. Alishinda mchujo, mwembamba, hana kifua, kichwa kinameta.

"Huyo si manzi, ni chali," vijana wakaambiana kando ya uwanja. Kufikia adhuhuri shule pinzani ilikuwa imeshtaki kwa waamuzi kwamba Dorine ni mvulana, nao wakaamua aingie darasani avue nguo mbele ya mwalimu wa kike, la sivyo asikimbie fainali. Wenzake wa timu walikuwa wameoga naye ziwani tangu utotoni. Niliwasihi waseme wanalolijua. Kila mmoja alitazama miguu yake.

Dorine alibandua namba kifuani, akanikabidhi.

"Mwalimu, nikivua leo, kesho watataka nini tena?"

Niliikunja ile namba nikaitia mfukoni. Fainali ilikimbiwa bila yeye, na ile shule ya Homa Bay ikamchukua mshindi.

Siku hizi anaanika omena pamoja na mama yake. Nywele zikianza kufunika masikio, anazinyoa tena. Filister ameacha kuuliza nani amekufa.