Mikono ya Shida na Satini ya Bibi Arusi

Zamani zile, mutu wa Birere, mutaa wa Goma, akitafuta mushonaji mwema hakuuliza kwanza mashini yake ni ya aina gani. Alimupa mukono. Mukono wa mama mumoja aliyeitwa Shida ulikuwa laini kama ganda la yai, na wamama walisema satini ikipita pale haijui kama imeguswa.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, mutu wa Maniema, aliyeshona kanzu na makoti. Alimuachia mashini moja nyeusi, na Shida aliilinda kuliko masufuria. Uasi wa kwanza ulipofika, alifungua kichwa cha mashini, akakifunga mugongoni kwa kitenge kama mutoto, akakimbia nacho njia ya Sake hadi Mugunga. Uasi wa pili, alikificha chini ya makaa. Na mwezi wa kwanza wa mwaka elfu mbili na mbili, mulima ulipopasuka na moto kushuka mujini, kikarudi mugongoni. Nyumba ilimezwa, kitanda kikamezwa, mashini ikapona.

Moto ule ulipopoa ukawa mawe, akajenga juu yake. Aliyabeba kwa mikono mitupu, yale mawe yanayokata kama wembe, akayapanga kuwa musingi. Kisha kiangazi kikaingia. Mvua ikakatika, upepo ukaamka na vumbi lake jeusi, ngozi ya kila mutu ikawa nyeupe kwa ukavu, kama imemwagiwa unga. Ya Shida ilipita hapo: vidole vikapasuka mistari, viganja vikaota miiba midogo. Akawa anashona magunia na maturubai tu, maana hayo hayana aibu.

Siku moja akaja Mama Aubin kutoka Himbi, mutaa wa matajiri, amebeba satini ya arusi ya binti yake, Valérie. Shida alipopitisha kiganja, kitambaa kililia krrr, na uzi mumoja ukainuka. Mama Aubin alisikia. Hakuwa mutu mubaya, ila ulimi wake haukujua kuzunguka.

«Shida, hii mikono iko ya kusugua masufuria, haiko ya kushona satini.»

Akasema atakipeleka kitambaa ng'ambo ya mupaka, Gisenyi, kwa fundi asiyebeba mawe. Shida aliomba angojewe kidogo. Mama Aubin akasita, kwa sababu hata gauni lake mwenyewe la arusi lilitoka kwenye mashini ile. Akakata kipande kidogo cha pembeni, akamuachia. Siku kipande hicho kitanyamaza, alisema, aje Himbi. Lakini asichelewe, arusi haiko mbali.

Shida alielewa. Mushonaji wa magunia haitwi tena fundi, na satini ile ikivuka mupaka, jina la baba yake linavuka nayo.

Basi akafanya kama wote wanavyofanya Goma wakati wa kiangazi: akapaka mafuta, akapaka tena, asubuhi na muchana, mpaka mikono ikang'aa kama samaki. Akagusa kipande. Kililia vilevile, tena kikapata doa.

Jirani yake Bénédicte alikuwa anaangalia. Huyu alitoka milima ya Masisi. Vita vilimunyang'anya ng'ombe karibu wote, na wachache waliobaki walikuwa kwa kaka yake, aliyemutumia siagi mara kwa mara. Alicheka mpaka akakaa chini.

«Mama Shida, unapakala mafuta juu ya vumbi. Hata ng'ombe atakupiga teke.»

Akaeleza kwamba wakati wa kiangazi chuchu za ng'ombe nazo hupasuka. Mukamuaji mujinga hupaka siagi juu ya ukavu. Ng'ombe anaumia, anapiga teke, maziwa yanamwagika. Mwenye akili huosha kwanza kwa maji ya vuguvugu. Ngozi ikishakunywa maji, ndipo anafunga mulango kwa siagi, kabla haijakauka.

«Hiki kitambaa njo ng'ombe yako,» alisema. «Bado kinakupiga teke.»

Wakaanza. Shida aliloweka mikono mpaka ikalegea, akaisugua polepole kwa jiwe jepesi lenye matundu, la mulima uleule uliomeza nyumba yake, na siagi ikafuata ngozi ingali na maji. Juu yake akavaa soksi kuukuu. Mawe hakuyagusa tena bila kujifunga matambara. Siagi ilinuka, nzi wakamupenda. Majirani wakamuita Madamu wa Himbi, wakamuuliza kama leo amekwisha kukamuliwa. Alicheka nao, akaendelea.

Kila asubuhi alijipangusa kwa unga wa muhogo ili mafuta yatoke, halafu akagusa kipande. Teke. Kesho yake, teke. Mistari ikaanza kuziba, miiba ikaanguka, teke likawa dogo. Kisha asubuhi moja aligusa, akangoja, hakusikia kitu. Akajaribu mukono wa pili. Kimya. Akakikunja kipande, akashika njia ya Himbi.

Alipofika Himbi, satini ilikuwa imekwisha fungwa kwenye mufuko, tayari kwa Gisenyi. Mama Aubin akaifungua, akaitandika yote mezani, akazima redio. Shida akapitisha viganja viwili kutoka pembe hadi pembe. Valérie, bibi arusi mwenyewe, aliinamisha sikio kama mukunga juu ya tumbo la mama mujamuzito.

«Mama, haisemi kitu.»

Mama Aubin alimupa Shida mukono, akaushika muda murefu, akaugeuza, akauangalia juu na chini. Halafu akaikunja satini, akamutwika kichwani kwa mikono yake mwenyewe.

Siku ya arusi, njia ya kanisa ilikuwa bado mawe matupu, na gauni lilikuwa na mukia murefu. Wasindikizaji walisimama, wanaogopa litachanika. Shida akapita mbele yao, akauinua mukia ule kwa viganja vyake, akatembea nao juu ya mawe mpaka mulangoni. Hakuna uzi ulioinuka. Katikati ya vigelegele, Bénédicte alisikika anatangaza kwamba ng'ombe hajapiga teke, na wamama wa Himbi wakazidisha vigelegele, bila kujua ni ng'ombe gani.