Kipande cha Veranda Kilichobaki Wazi

Kabla sijafumbua macho, niliisikia cherehani ya Mama Njeri. Ilitetema chini ya sakafu ya mbao, ikanyamaza, ikatetema tena, na kitanda changu kikaitikia. Mimi na Bibi, mama yake baba, tuliishi juu ya duka lake la kanga karibu na River Road, katika nyumba kuukuu ya mawe iliyosimama juu ya nguzo upande wa mbele. Nguzo ziliendelea hadi kwa jirani, na kwa jirani yake, hata mtu aliweza kutembea toka pembe hadi pembe ya mtaa bila kuloa. Masika yakiingia, mji wote ulihamia kwenye veranda ile, na harufu ya udi wa Bibi ikachanganyika na ya mahindi ya kuchoma na makoti mabichi. Kila mwenye duka alifagia mbele yake, kisha akavuka kidogo kwa jirani, makusudi, ili mpaka usionekane.

Mama Njeri alitoka mji wa Kikuyu kila alfajiri kuja kushona mlangoni petu. Waliokimbia mvua walisimama, wakachagua kitambaa kwa Bibi, wakageuka kupimwa. Hivyo ndivyo wanawake wawili hao walivyokula, na nilivyokula mimi.

Kisha, masika moja, mwenye nyumba akawaruhusu wapangaji wazibe veranda, kila mtu kipande chake, wapanue maduka. Muuza misumari wa kushoto akaanza. Mpiga chapa wa kulia akafuata.

"Bibi, na wewe ziba," muuza misumari alimwambia. "Ama unachunga upepo?"

"Upepo haujanikosea adabu," Bibi akamjibu.

Hakuziba. Angeziba, fundi wake angekaa wapi? Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Kati ya kuta mbili, kipande chetu kikawa pango. Wapita njia wakashuka barabarani, kwenye matope na mikokoteni, wakatupita mbio bila kugeuza shingo.

"Bibi, hapa ni kama ndani ya chupa," Mama Njeri alisema. "Mtu akinitaka, lazima kwanza aulize polisi."

Walicheka, ila si sana. Kabla mvua haijaisha, alikuwa amepata nafasi ya kushonea mbali na kwetu, karibu na maduka ya Adams Arcade.

Siku hizi naishi Lavington, nyuma ya ukuta wenye maua. Barabara ni safi, miti imepangwa vizuri, na mvua ikinyesha hakuna mgeni anayelazimika kusimama karibu nami. Nasikia watu wakitetea majengo ya kale ya katikati ya mji, wakiyaita urithi, nami nawaunga mkono. Ila nguzo zetu hazikubomolewa. Zimo mle ndani ya kuta, nzima kabisa. Ni ile njia iliyopita kati yake, pamoja na salamu zake, ambayo hakuna aliyeipiga picha.

Asubuhi ya kuondoka kwake, Mama Njeri alikunywa chai kwetu akiwa amesimama.

"Idi utakuja?" Bibi aliuliza.

"Na hiyo pilau nimwachie nani?"

Walishikana mikono muda mrefu. Mlango wa duka letu haukuwahi kufungwa mchana, hata kwenye dhoruba. Bibi alimtazama rafiki yake akiruka matope, akipotea katika watu, kisha akaufunga.