Isome Kama Unaongea na Susu

Baba anapenda kuniambia kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Huisema akiwa amenipa mgongo, akifunga kamba za viatu vyake vya shamba, kwa sababu anajua nitakavyomjibu. Kwetu ndwele haijapita. Imelala chumba cha mbele, na kila asubuhi ni mimi ninayemgeuza susu, nyanya yangu mzaa baba, ili asipate vidonda. Basi nisiambiwe nipoe. Nina miaka kumi na tisa na nina hasira, na hasira yangu nitaisimulia kwa utaratibu, kwa kuwa kazi iliyotufikisha hapa ilikuwa ya kusoma vizuri.

Nilianza kazi ya sauti nikiwa na miaka kumi na saba, ndani ya ghala la ndengu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, na binamu yangu aliye Nairobi akaniambia kuna watu wanaosomea matangazo nyumbani kwao na kuyatuma kwa simu. Simu ya mama ilikuwa nzuri kiasi. Shida ilikuwa kelele. Tuko kati ya Makindu na Kambu, si mbali na barabara ya Mombasa, na malori hayajui kwamba kuna mtu anarekodi. Ndani ya nyumba mabati yalilia jua likipanda, na sauti yangu ilinirudia kutoka ukutani kama ya mtu aliyetumbukia kwenye tangi. Nilijaribu chini ya blanketi nikakaribia kuzirai kwa joto. Kisha siku moja mama alinituma ghalani kuchota ndengu. Nikamfukuza paka huko ndani, na nikasikia sauti yangu ikitoka kavu na safi, haina mwangwi hata kidogo. Magunia ya ndengu na mbaazi yalikuwa yamepangwa hadi juu pande tatu. Nilisogeza mawili, nikaketi juu ya debe lililogeuzwa, nikaifunga simu kwa kamba kwenye boriti. Produsa wa kwanza aliniuliza natumia maiki gani, nikamwambia natumia ndengu. Alidhani namfanyia mzaha.

Sauti yenyewe si yangu. Niliipata kwa susu pamoja na jina. Kwetu binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba, na jina haliji peke yake. Baba huniita mwaitu, yaani mama, hata anaponigombeza. Susu, enzi zake, ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye mwethya, pale wanawake walipokusanyika kuchimba matuta, leo shamba la huyu na kesho la yule. Wenzake wanasema akiimba ilikuwa vigumu jembe lako kupumzika. Uzeeni sauti yake ilishuka, ikawa nzito na ya taratibu, na ndiyo hiyo niliyo nayo. Nikiita mtu kutoka nyuma ya nyumba, watu wazima huitika kwa adabu kabla hawajaona ni nani.

Kazi za mwanzo zilikuwa ndogo. Nilimsomea muuza vifaranga wa Kambu, nikasoma mialiko ya harusi, nikasoma tangazo la matangi ya maji. Halafu Nairobi wakanigundua, na hapo ndipo nilipoanza kukasirika, ila wakati huo nilikuwa sijui kwamba ni hasira. Produsa mmoja alinitaka niwe mfanyakazi wa nyumbani anayeshangaa mashine ya kufulia. "Wewe ni Mkamba, si ndiyo?" akaniuliza. "Sasa ongea Kikamba-Kikamba hivi, watu wacheke." Kisha akanionyesha jinsi ya kuongea. Yeye, ambaye Ukambani anaijua kwa kupita dirishani akienda Mombasa, alinifundisha mimi namna watu wa kwetu wanavyoongea. Nilifanya alivyotaka. Nilifanya mara tatu, matangazo matatu, na kila mara nilitoka ghalani nikiwa siwezi kumtazama susu aliyekuwa nje akipepeta mbaazi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hata hapa kwetu watu walicheka na kuniomba nirudie.

Kwa hiyo alipopiga simu produsa mwingine na kusema anataka Kikamba cha kweli, cha heshima, kisicho na kichekesho, nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Hilo ndilo kosa langu na silifichi. Mwenye njaa ya kuheshimiwa haangalii ni nani anayemwandalia meza.

Lilikuwa tangazo la dawa ya unga, mizizi na majani ndani ya mkebe wa kijani. Inatibu presha, sukari, viungo, macho, na mengine sikumbuki. Nililitafsiri mimi mwenyewe kwa Kikamba na walinisifu kwa hilo. Katikati kulikuwa na mstari uliosema kwamba ukishaanza unga huu, dawa za hospitali ziweke kando ziupishe ufanye kazi. Hapo nikasita. Susu alikuwa mtu wa presha, na mimi ndiye niliyekuwa nikimchukulia vidonge vyake kliniki ya Makindu kila mwezi. Nikampigia produsa.

"Hii line ya kuweka dawa kando, ni kweli?"

"Sasa wewe ni daktari?"

"Nauliza tu."

"Wewe ni sauti, dada. Daktari ni mwingine. Client, mwenye dawa, ndiye ameandika hivyo. Na usijali, hii inaenda kuchezwa huko Kitui kaskazini, Tseikuru huko. Si kwenu."

Si kwenu. Nikaridhika. Ninapojikumbuka nikiridhika natamani kujizaba kofi. Kana kwamba Tseikuru hawana nyanya. Kana kwamba wafugaji wa kule, ambao zahanati kwao ni safari ya siku nzima, presha yao ni ya bandia. Nilirudi ghalani nikasoma.

Nilisoma mara tatu na mara zote akakataa. "Unasoma kama habari," akasema. "Hakuna mapenzi. Skiza, chagua mtu mmoja unayempenda, mzee hivi, mtu wa nyumbani. Isome kama unaongea na huyo." Nikafumba macho. Nilimchagua susu, ningemchagua nani mwingine? Nikamwona ameketi kwenye kigoda chake, mguu mmoja ameunyoosha, kiondo, kikapu chake cha kusuka anamoweka vidonge, kando yake. Nikapunguza sauti, nikapunguza mwendo, nikamwambia aziweke dawa za hospitali kando. Produsa alisema hajawahi kusikia usomaji mzuri namna hiyo. Nilifurahi siku nzima.

Tangazo halikukaa Tseikuru. Baada ya wiki mbili lilikuwa kwenye redio ya Kikamba inayosikika kwetu, asubuhi na jioni. Majirani walikuja kunipongeza. Mchungaji alinitaja kanisani kama mfano kwa vijana wanaolala. Susu alihamisha redio kutoka jikoni kwa mama hadi nyumbani kwake, ng'ambo ya ua, na likianza tangazo aliinua mkono ili kila mtu anyamaze. Nikamwambia, "Susu, hiyo ni kazi tu." Akacheka. Nilimwambia hayo tu. Sikumwambia kwamba sijui kilicho ndani ya ule mkebe, kwa sababu nilipenda kuona mkono wake ukiinuka.

Mwezi ule nilipomuuliza kama vidonge vimeisha nikachukue vingine, alisema bado vipo. Mwezi uliofuata akasema vivyo hivyo. Nilikuwa na kazi nyingi. Nilidhani anasahau siku moja moja kama wazee wanavyosahau, na sikufungua kiondo kuhesabu.

Asubuhi moja kuku walikuwa wanalia njaa na mlango wake haujafunguliwa. Baba alivunja kitasa. Tulimkuta chini kati ya kitanda na meza, macho wazi, akijaribu kusema neno ambalo halikutoka na hadi leo halijatoka. Hospitalini walisema ni kiharusi. Daktari akauliza anatumia dawa gani, nikamjibu haraka haraka, nikitaja majina yote na saa za kumeza. Nilijiona mjukuu anayejua kazi yake.

Nilirudi nyumbani kuchukua nguo zake. Ndani ya kiondo, chini ya leso, nilikuta vidonge vya mwisho nilivyomletea, vya mwezi mzima, vimefungwa vizuri kwenye kitambaa. Alikuwa ameviweka kando. Kando yake palikuwa na mkebe wa kijani, umebaki robo.

Mama mmoja wa kanisani, rafiki yake tangu siku za mwethya, ndiye aliyemnunulia sokoni. Nilimwendea nikiwa nawaka. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Alinitazama kwa mshangao, bila hatia yoyote.

"Tukwambie nini, na ni wewe ulituambia?" akasema. "Mimi nilimuuliza kama ako na uhakika. Susu yako alisema, huyo ni wajina wangu, tunaitwa jina moja. Huyo ni mimi. Mtu anaweza jidanganya mwenyewe?"

Nilikaa kwenye benchi lake na chai aliyonimiminia ikapoa.

Nikampigia produsa. Alisema pole sana, kisha akasema tangazo ni mali ya client. Client hakuwahi kushika simu. Nilienda hadi kituo cha redio, nikakaa kwenye kiti cha plastiki kuanzia saa tatu hadi adhuhuri, na mtu mmoja mwenye tai akatoka akaniambia kwamba wao hucheza kinacholetwa. Nilimwambia sauti ni yangu na siitaki hewani. Akasema sauti ilikuwa yangu kabla sijaituma. Alisema hivyo akitabasamu. Ningekuwa na jiwe ningemrushia, na mtoto wa kanisa mimi.

Nilikuwa na mahali pamoja tu ambapo sikuhitaji ruhusa ya client. Jumapili, wakati wa matangazo, nilisimama mbele nikaomba kusema. Niliwaambia kwa Kikamba kwamba mimi ndiye yule wa redioni. Kwamba nilisoma kitu nisichokijua. Kwamba sijawahi kukutana na mtu hata mmoja aliyepona kwa unga ule, na susu yangu amelala upande mmoja kwa sababu yake na kwa sababu yangu. Niliwasihi wasiache dawa zao. Sikulia. Nilisema polepole, kwa sauti ileile, maana sina nyingine. Nilidhani nimefanya kitu.

Tulipotoka nje, mzee mmoja mwenye fimbo alinishika kiwiko. Aliniambia nimeongea vizuri sana, na kwamba sauti yangu humtuliza. Kisha akauliza, "Na hiyo dawa, Makindu bado iko ama mpaka niende Kambu?"

Nilimweleza tena, mdomo karibu na sikio lake. Mwanawe, aliyekuwa kando yake, alinihakikishia kwamba mzee ameelewa. Sijui. Nilitembea hadi nyumbani peke yangu nikipiga mateke mawe ya njiani, na viatu vya kanisani vikaharibika.

Watu huniuliza kama nimeacha kazi. Sijaacha. Vidonge na nepi za mtu mzima havijinunui. Sasa sisomi maandishi yoyote kabla sijauliza maswali hadi mwandishi achoke, na kazi nyingi zimenikimbia kwa sababu hiyo. Zikimbie. Za mfanyakazi wa nyumbani wa kuchekesha nazikataa kwa matusi, jambo ambalo mama anasema si la Kikristo.

Na susu nimemwambia. Nimemwambia mara tatu, nimepiga magoti kando ya kitanda, nimemwonyesha mkebe, nimeutupa chooni mbele ya macho yake. Alinitazama tu. Upande ulio hai wa uso wake haukunikasirikia, na bora ungenikasirikia.

Redio iko upande huo ulio hai. Niliwahi kuiondoa, akagoma kula siku mbili hadi baba akairudisha. Kila asubuhi, baada ya habari, tangazo linaanza, na mkono wake wa kushoto unainuka ili tunyamaze. Sauti yangu inamwambia, kwa upole wote niliofundishwa, aziweke dawa za hospitali kando. Mimi huwa nimesimama hapo hapo, vidonge kiganjani na kikombe cha maji mkononi, nikingoja iishe.