Kialama cha Mwisho wa Mstari

Mwalimu wetu wa kwaya hapa kigangoni Ntobeye ni Adelfina, mwanamke mpole ambaye akishika karatasi ya noti tu, upole wote unamwishia. Sisi wa sauti ya pili ametukaripia mpaka tumezoea. Mtu mmoja tu alikuwa hamgusi: Mzee Juvenali wa besi. Ni baba mkwe wake, na kwetu Wahangaza mkamwana hata jina la baba wa mumewe halitamki hovyo, sembuse kumwambia mbele ya watu kwamba ameharibu wimbo.

Na mzee alikuwa anaharibu. Katikati ya mstari yuko sawasawa, lakini macho yakihamia mstari wa chini anachelewa kuiona noti, anabahatisha, na besi yote inapotea naye. Frednand, mwenyekiti wetu, mtu asiye na haya, akasema sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango ikienda vile, mzee atapumzishwa. Nikajua Adelfina ameumia. Tangu mke wa mzee afariki, kwaya ndiyo iliyokuwa inamtoa nyumbani.

Siku hiyo Adelfina akafungua kompyuta anayoandikia muziki, akatafuta alama ambayo hakuwahi kuihangaikia: kinoti kidogo kinachokaa mwishoni mwa mstari, kukuonyesha mapema sauti utakayoanzia mstari unaofuata. Akawawekea watu wote, ili asionekane amemlenga mtu.

Mazoezi yaliyofuata yalikuwa aibu tupu. Tulikiimba. Kila mwisho wa mstari kwaya nzima iliongeza noti isiyo na neno, wengine "aa", wengine "mm", na Frednand akaivuta kwa madaha kama kaitunga yeye. Adelfina akakipaka rangi ya kijivu, tuelewe kwamba hakiimbwi. Kwenye kompyuta kilipendeza. Mashine ya kopi ya kule Kanazi ikakifuta chote. Nilimwambia aache, anajichosha bure. Akaninunia. Akarudi kwenye mipangilio ya programu, akabadilisha umbo lenyewe: akakiondolea kichwa cha noti, kikawa kijimkia cheusi, chembamba, kilichosogezwa kando kidogo, lakini bado kwenye kimo cha noti inayofuata. Hicho hakuna aliyethubutu kukiimba.

Siku ya sikukuu nilimtazama mzee kuliko nilivyomtazama mwalimu. Macho yake yakafika mwisho wa mstari, yakakiona kijimkia, na besi ikaingia mahali pake, nzito, safi. Mstari unaofuata hivyo hivyo. Kwenye wimbo wa shukrani Adelfina alikuwa anaongoza huku machozi yanamtoka, na mimi nilifurahi mpaka nikapitwa na maneno.

Baada ya misa, mimi na Adelfina tukiwa nyuma ya kanisa tunapanga karatasi, mzee akamfuata.

"Mama Irine," akasema, "kile kialama ulikiweka kwa ajili yangu."

Adelfina akainamisha kichwa. "Ni cha wote, Baba."

"Nilijua siku nyingi kwamba ninayepotea ni mimi. Nilikuwa naogopa siku utakayolazimika kuniambia, maana nisingerudi tena." Akamkabidhi karatasi zake. "Asante kwa kuwa hukuniambia. Mazoezi ni Jumanne?"

"Ni Jumanne, Baba."