Ng'ombe za Mdogo Wangu

Juzi binti yangu mchanga alilia garini toka Musoma, nikakumbuka mdogo wangu alivyolia njia hiyohiyo. Siku ile, kwenye vilima vya Butiama, bibi alimwinua mdogo wangu dirishani, ikaingia harufu ya ng'ombe na majani mabichi.

"Baba, tazama ng'ombe zako," akamwambia, maana mtoto alipewa jina la marehemu baba yake bibi.

Mtoto akanyamaza. Mimi, mtoto bado, nikaamini mzee ametambua kwao, nikamwamkia: "Shikamoo, babu."

Wote wakacheka, isipokuwa bibi. Yeye aliitikia kwa niaba ya mtoto: "Marahaba."

Siku hizi najua ni upepo tu uliomtuliza. Lakini binti yangu ana jina la bibi. Juzi tulipofika kwenye vilima vile nilisimamisha gari, nikampokea kutoka kwa mama yangu, nikamwinua dirishani.

"Shikamoo, bibi."

Kutoka kiti cha nyuma, mama yangu akaitikia: "Marahaba."